TVS HLX 150 ya watu wawili: mke wangu ndiye aliyeichagua

Ukiingia duka la pikipiki hapa Mombasa, swali la kwanza ni kama unataka kuingia kazi ya boda. Ukisema hapana, ni ya kwenda kazini na mke wangu, muuzaji anaendelea kukuuzia ya boda vilevile. Kijana mmoja alinipigia sifa: "Bosi, hii inabeba magunia matatu ya makaa mpaka Kinango na haitikisiki." Mke wangu, Mama Salma, akanitangulia kumjibu: "Mie si gunia, mwanangu." Tukaondoka.

Sisi tunakaa Bamburi, upande wa Mtambo. Asubuhi namshusha kazini Nyali, kisha navuka daraja niingie mjini. Jumapili mara nyingi tunakwenda kwao Kilifi. Kwa hivyo nilihitaji pikipiki ya watu wazima wawili, kila siku, katika barabara ya Malindi iliyokuwa katikati ya upanuzi: kipande cha lami laini, kipande cha vumbi, halafu matuta. Pesa zilikuwepo za pikipiki ya kawaida ya cc mia na hamsini, basi. Zile kubwa za watalii tuliziacha zipite.

Maoni mengi kuhusu pikipiki huandikwa na anayeshika usukani, na huyo ndiye mwenye starehe zake. Tuta analiona, anakaza mapaja, ananyanyuka kidogo, limepita. Aliye nyuma habari humfikia kupitia makalio. Ndiyo maana nilimwambia mke wangu achague yeye, mimi nitaangalia injini na karatasi.

Njia yetu ya kupima ilikuwa hii: pikipiki inawekwa stendi ya kati, mimi napanda mbele, yeye nyuma, wote na helmeti zetu vichwani, na tunakaa hivyo hivyo tukipiga gumzo. Wauzaji walichoka nasi. Lakini ukikaa dakika mbili tu huoni kitu. Ukikaa zaidi, magoti yanaanza kusema. Zile za kimichezo, zenye kiti cha vipande viwili, abiria ananing'inia juu kama kuku kwenye kichanja, miguu imekunjwa na hana pa kushika isipokuwa tumbo langu. Kwa kijana na mchumba wake huenda ndiyo raha yenyewe. Sisi tuna mizigo ya soko la Kongowea.

Kitu cha kutazama kwanza ni vile vyuma vya kukanyagia vya abiria. Viko umbali gani na kiti? Vikiwa karibu, goti linapinda sana na paja linakufa ganzi kabla hamjafika Mtwapa. Na vimefungwa wapi? Kuna pikipiki ambazo vyuma hivyo vimefungwa kwenye ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Hapo springi hazimsaidii abiria miguuni, kwa sababu kila gurudumu linaporuka, nyayo zake zinaruka nalo. Inama chini ya kiti utazame mwenyewe, usimuulize mtu.

Zilizobaki mwishoni zilikuwa Boxer BM 150 na TVS HLX 150. Boxer sina la kuisema vibaya. Injini yake ni ya cc 144.8, nyuma ina ule mtindo wa springi ndani ya springi, na spea zake unazipata hata usiku, kuanzia Likoni mpaka Mtwapa, hakuna fundi asiyeijua. Iliyoamua ni urefu wa mke wangu. Kwenye HLX magoti yake yalikaa vizuri zaidi, na chuma cha kushika nyuma kilimfikia mkono bila kujipinda. Mwenye miguu mirefu kumshinda anaweza kupima hizo hizo mbili akaondoka na Boxer.

Tulizitazama pia za umeme, za Spiro, ambazo zilizinduliwa hapa Mombasa mwaka 2023. Kwa abiria zina jambo tamu: hakuna mtetemo wa injini wala egzosi ya kumchoma mguu, na betri ikiisha unabadilishiwa tu kituoni. Kama safari zetu zingekuwa ndani ya mji pekee, ningefikiria sana. Lakini kwao Kilifi nataka kujazia tangi sheli yoyote na kuendelea.

Sasa kuna kifaa kimoja ambacho sikukijua maana yake mpaka nilipoishi nacho. Ubavuni kushoto, karibu na gurudumu la nyuma, pikipiki za India huja na wavu wa chuma. Vijana wengi huutoa siku ya kwanza, wanasema unaharibu sura. Ule wavu umewekwa kwa sababu ya sari: kule sheria inataka gurudumu la nyuma lifunikwe angalau nusu, nguo ya mwanamke aliyepanda isiingie kwenye spoki. Wahindi walikuwa wanawafikiria dada zao, na sisi watu wa buibui na dera tumefaidika bila jasho. Mke wangu ana dera za kuvutwa na upepo, na kwenye daraja la Nyali upepo hauna adabu. Nguo ikishikwa na cheni au spoki, inamvuta mtu chini kabla dereva hajajua. Kwa hivyo wavu umebaki, kifuniko cha cheni kimebaki, na dera hukusanywa likakaliwa kabla sijatia gia. Hukaa miguu pande zote mbili. Nimewaona wengi wanaokaa upande, na heshima zao nawapa, lakini breki ya ghafla haijali heshima.

Faida kubwa ya HLX kwetu ni springi za nyuma. Zina ngazi tano za kukaza, unazungusha pete iliyo chini ya springi kwa spana yake ya mdomo uliopinda. Ilipotoka dukani ilikuwa imelegezwa, na tukiwa wawili ilikaa nyuma mno, taa ya mbele ikawa inamulika madirisha ya watu ghorofani. Nilipanda ngazi moja moja mpaka taa ikarudi barabarani na tuta la kawaida likapita bila kugonga mwisho. Ukizidisha, mkiwa na mwili mwepesi, inarusha. Pande zote mbili lazima ziwe ngazi sawa, jambo ambalo fundi mwenye haraka husahau. Na upepo wa tairi uende pamoja nalo: pikipiki nyingi za daraja hili hutaka nyuma kama paundi 28 ukiwa peke yako na 32 mkiwa wawili, lakini ufuate kitabu cha yako. Vijana wa upepo wao hujaza mpaka wachoke. Nunua kipimo chako.

Kiti ndiyo hadithi ndefu. Viti vya pikipiki hizi vimetengenezwa kudumu na mizigo, na mke wangu alitaka sponji zaidi. Nikampeleka kwa fundi wa viti, akaongeza sponji laini ya godoro, kiti kikanenepa, kikapendeza. Mjini kilikuwa raha. Tulipokwenda Kilifi sponji ilikuwa imeshalala tulipopita Takaungu, na abiria alikuwa amekalia bati. Kibaya zaidi, fundi alipitisha mshono katikati ya kiti kwa urembo. Mvua za masika zikaingia kwenye mshono ule, sponji ikanywa, na hata jua likiwaka unakiona kiti kikavu kabisa. Ukikaa tu, maji yanatoka polepole na kupanda kwenye nguo. Mke wangu alifika kazini na alama mahali pabaya. Sikusamehewa upesi.

Fundi wa pili, mzee mmoja mtaratibu, alikifanya kama inavyotakiwa. Chini sponji ngumu, ile unayoibonyeza kwa kidole gumba na inakurudishia kidole. Juu akaweka laini nyembamba, halafu karatasi ya nailoni, kisha ngozi isiyo na mshono wowote sehemu ya kukalia. Na akakipunguza kidogo nyuma ya kiuno changu ili sehemu ya abiria iwe tambarare. Hilo la mwisho ndilo lililomaliza ugomvi wa helmeti. Kabla ya hapo kiti kilikuwa kinateremka mbele, kwa hivyo kila nikibana breki anateleza na helmeti yake inanigonga kisogoni: kwa, kwa, kwa, kutoka Bombolulu mpaka Kengeleni. Sasa zikigongana najua kosa ni la mkono wangu kwenye klachi.

Helmeti zenyewe usifanye ubahili kwenye ya pili. Kanuni za pikipiki za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, za mwaka 2015 zinataka abiria mmoja tu, na yeye pia awe na helmeti na jaketi la kuakisi. Wengi tunanunua nzuri ya dereva na kumpa mke kile kibakuli kinachozunguka kichwani. Mwenye hijabu aipime akiwa nayo kichwani, maana saizi hubadilika, na pini ya hijabu ihame kutoka pale helmeti inapobana.

Kwa nguvu, mia na hamsini inatutosha. Daraja la Nyali tunapanda bila kulia, na kivukoni Likoni, pale kwenye mteremko wa kushukia feri, naishusha kwa gia ya kwanza na breki ya nyuma. Mke wangu hapo hushuka akatembea; bati la feri likiwa limelowa sitaki ubishi nalo.

Kutu ni kodi ya kukaa pwani, na haichagui aina. Nimepaka grisi kwenye spoki na chini ya tanki. Kuosha naosha kwa maji ya bomba yakipatikana, kwa sababu visima vingi vya huku ni vya chumvi, na kuoshea pikipiki maji hayo ni kulipa pesa ili iliwe.

Kwa watu wawili wa kimo na uzito wa kawaida, naipendekeza bila wasiwasi, mradi utenge pesa za fundi wa kiti. Kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu siipendekezi hata kidogo: kuuvusha mguu juu ya kiti kirefu ni kazi, na kushuka ni kazi nyingine. Mama yangu alijaribu mara moja, akashikilia bega langu, akacheka, akasema, "Mwanangu, niitie tuktuk."