Uzoefu wangu: tripu ya siku moja kutoka Mombasa kwenda Ngomeni kuona majukwaa ya roketi ya San Marco

Kwa mnaoniuliza kwenye WhatsApp kama ile tripu ya Ngomeni inafaa pesa, jibu langu ni inafaa, tena sana, ila ujue kabisa unaenda kuona nini manake kule hakuna sinema, hakuna duka la zawadi, wala hakuna roketi imesimamishwa mahali upige nayo picha. Kuna majukwaa ya chuma yamesimama katikati ya bahari, ambayo Waitaliano walikuwa wanarushia roketi zamani, kuna masahani makubwa meupe ya antena pale ufuoni, na kuna historia ambayo mimi nimezaliwa Mombasa nikakulia Mombasa na sikuwahi kufundishwa hata mstari wake mmoja shuleni. Ukienda bila mtu wa kukueleza utaona chuma kimeshika kutu, basi, urudi zako. Ukipata mwongozaji anayejua kazi yake utalala usiku unawaza. Sisi tulipata anayejua.

Bei tulilipa shilingi 4,500 mtu mzima na 3,000 mwanafunzi, ndani yake mna vani, mwongozaji, maji ya kunywa, chakula cha mchana na boti. Mimi nilienda na binti wa dadangu, yuko sekondari na fizikia ndio kichaa chake. Sitataja kampuni hapa manake kuna mambo ya kusifu na kuna ya kulalamika na yale ya kulalamika nimeshawaambia wenyewe kwa simu.

La kwanza la kulalamika ni muda. Tuliambiwa tuwe Buxton saa kumi na moja alfajiri, tukafika, vani ikaondoka saa kumi na mbili na nusu ati kuna abiria wawili wanatoka Likoni wamekwama feri. Sasa ukiondoka saa hiyo ushajua foleni ya Mtwapa inakungoja. Na ile AC yao ilikuwa inatoa upepo wa moto, tukafungua madirisha, vumbi lote la barabara inayojengwa tukalila sisi. Kilifi tulisimama chai na mahamri, hapo roho ikatulia kidogo. Baada ya hapo safari ikawa nzuri, mkipita Malindi mkavuka daraja la Sabaki, Mambrui, halafu Gongoni unaanza kuona mabwawa ya chumvi kulia na kushoto, meupe mpaka macho yanauma, kisha mnakata upande wa baharini kwa barabara ya vumbi mpaka Ngomeni.

Mwongozaji wetu, kijana mpole hivi, hakutupigia kelele njia nzima kama wengine. Alinyamaza mpaka tulipofika, akatuweka chini ya mti, akachukua kijiti akachora duara kwenye mchanga. Binti yetu alikuwa ashamuuliza garini, "Kaka, Waitaliano na bahari yao yote ile, kwa nini waje mpaka huku kurusha roketi?" Jibu alikuwa amemuwekea pale.

Akachora ikweta, akaweka kokoto mahali pa Ngomeni, karibu nyuzi 3 tu kusini yake. Akasema dunia inavyojizungusha, kitu kilichoko ikweta kinabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa na sisi hatuhisi. Ukirusha roketi kuelekea mashariki kutoka hapa, hiyo kasi unapewa bure. Akatupa mfano wa makanga anayeruka kutoka kwenye matatu kabla haijasimama, akigusa chini miguu inakimbia yenyewe kwa sababu mwili bado una mwendo wa gari. Watu wote wakacheka na kila mtu akaelewa, hata mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amesema yeye amekuja kwa ajili ya samaki. Halafu kuna sababu ya pili, mbele yako mashariki ni bahari tupu, kwa hivyo vile vipande vya roketi vinavyoachia njiani vikianguka vinaangukia majini na si kwenye paa la mtu. Na ya tatu ambayo mimi sikuwa nimewahi kuisikia, ni kwamba setilaiti inayozunguka juu ya ikweta inakwepa eneo fulani la angani juu ya Atlantiki ya kusini ambako mionzi ni mingi na inavuruga vyombo vya kupimia. Kwa hivyo si bahati nasibu kwamba walikuja Ngomeni. Walipiga hesabu.

Aliyepiga hesabu hiyo ni profesa wa Kiitaliano anaitwa Luigi Broglio, ndio maana kituo sasa kinaitwa kwa jina lake. Mwaka 1962 Italia na Marekani zilikubaliana, Waamerika watoe roketi aina ya Scout na mafunzo, Waitaliano wajenge mahali pa kurushia na watengeneze setilaiti zao. Roketi ilisimamishwa kwenye jukwaa la San Marco, na wanaoiongoza walikaa kwenye jukwaa jingine, Santa Rita, mbali kidogo. Tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha setilaiti yao, San Marco 2, kutoka hapo baharini. Mpaka ya mwisho, Machi 1988, setilaiti 9 zilipanda kutoka maji haya haya, za Italia, za Marekani na moja ya Uingereza.

Lakini ile iliyonishika mimi ni Uhuru. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya inatimiza miaka 7 tangu bendera ipandishwe, wanarusha setilaiti ya NASA, shirika la anga la Marekani, na mama aliyesimamia mradi huo, Marjorie Townsend, anaipa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyowakaribisha. Na si setilaiti ndogo kwa umuhimu. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuangalia anga kwa eksirei. Eksirei zinazotoka kwenye nyota hazifiki chini huku, hewa inazimeza zote, kwa hivyo ukitaka kuziona lazima utoke nje ya hewa. Kabla ya hapo wanasayansi walikuwa wanarusha viroketi vidogo vinakaa juu dakika chache vinaanguka. Uhuru ikakaa zaidi ya miaka miwili, ikazunguka anga lote, orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Kuna kimoja kinaitwa Cygnus X-1, kilikuwa kinajulikana tangu 1964, Uhuru ikaonyesha mwanga wake wa eksirei unabadilika haraka mno, chini ya sekunde, na kitu kinachobadilika haraka hivyo hakiwezi kuwa kikubwa. Ndio hapo watu wakaanza kusema kwa uzito kwamba pale kuna shimo jeusi, yaani kitu kidogo lakini kizito mno mpaka hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake. Riccardo Giacconi aliyeongoza ile sayansi alipata Nobel 2002.

Hebu fikiria. Miongoni mwa ushahidi wa kwanza wa maana wa shimo jeusi umepatikana na chombo kilichopandia Ngomeni, Kaunti ya Kilifi, siku ya Jamhuri. Na mimi nimekaa miaka yote naijua Ngomeni kwa chumvi na kamba.

Sasa boti. Kama kampuni itakuambia boti ni hiari ulipe au usilipe, lipa, bila boti tripu ni nusu. Tulipanda boti ya faiba, nahodha mzee wa pale pale Ngomeni. Hapa nina neno: laifu jaketi za watu wazima zilikuwepo za kutosha, za watoto hapana. Kulikuwa na mtoto wa miaka kama sita amevishwa ya mtu mzima inamtoka kichwani. Tukagoma wote kuondoka. Nahodha akatuma kijana akaazime kwenye boti nyingine, ikaja moja inamkaa vizuri, tukatoka. Kampuni mnaosoma hapa, hilo si jambo la kungoja abiria waseme.

Mkitoka kwenye mikoko maji yanabadilika rangi, na majukwaa unayaona mbali kwanza kama madogo, halafu yanakua, yanakua, mpaka unainua shingo. Nahodha hakusogea karibu sana, alizima injini mbali kidogo akatuacha tuangalie. Miguu ya chuma imeota chaza kuanzia majini mpaka pale maji yanapofikia yakijaa, mstari umenyooka kabisa, juu ya mstari ni kutu ya rangi ya hina imetiririka imekauka, na juu kabisa membe wamejipanga kwenye vyuma. Yule nahodha akasema chini ya miguu ile kuna tewa na kolekole wa kutosha, wavuvi wa pale wanaijua siri hiyo.

Binti akamuuliza, "Babu, wewe uliwahi kuona ikirushwa?"

"Niliona ya mwisho mwanangu. Nilikuwa kijana nshaanza kwenda baharini. Siku hiyo hatukuruhusiwa kutoka, tukakaa ufuoni. Kwanza ni taa, kubwa, na kimya. Unaona inapanda na husikii kitu. Halafu sauti ndio inakuja, inakupiga hapa," akajigonga kifuani.

"Ulikimbia?"

"Nikimbilie wapi, na bibi yangu amesimama pale pale anaangalia?"

Binti akatoa simu akaanza kuandika maneno yake, akamuuliza ilikuwa asubuhi ama jioni, upepo ulikuwa wa wapi, moshi ulienda upande gani. Mzee akajibu moja moja bila haraka, mpaka abiria wengine wakasogea wasikize. Mimi hapo ndipo niliona pesa yangu imerudi yote.

Kuhusu kuingia ndani ya kituo chenyewe, hatukuingia. Ni kituo cha kazi cha shirika la anga la Italia, kuingia ni mpaka kibali, na hili mwongozaji alituambia kabla hatujalipa, nampa heko kwa huo ukweli. Masahani tuliyaona kutoka nje. Tulikuwa tunakula chini ya mti, wali wa nazi na samaki wa kupaka waliopikwa na akina mama wa pale, samaki fresh ukubwa wa haja, na sahani moja ya antena ikaanza kugeuka. Polepole, haina sauti. Mwongozaji akaweka kijiko chini akasema inafuata setilaiti inayopita, hatujui ni ipi. Hapo akatueleza kwamba kurusha kulikwisha 1988 lakini kazi haikuisha, kituo hiki ndicho kinachopokea data za setilaiti zinazochunguza anga: za Swift iliyorushwa 2004, za NuSTAR ya 2012, na za IXPE ya Desemba 2021 ambayo ni ya NASA na Italia pamoja. IXPE inazunguka juu ya ikweta kabisa, kwa hivyo kila baada ya saa moja na nusu hivi inapita huku inamwaga ilichokiona. Na inaangalia nini? Eksirei. Kazi ile ile ya Uhuru, miaka hamsini baadaye, bado inapitia ufuo huu.

Binti akauliza za kwetu je. Mwongozaji akamwambia zipo, kile kisetilaiti cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoachiwa 2018 kutoka kituo cha kimataifa cha anga, na Taifa-1 iliyopanda tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX, kampuni ya Marekani, kutoka California. Mimi hiyo iliniuma, nasema kweli. Setilaiti yetu kupelekwa mpaka California na majukwaa yale yamesimama pale yanaliwa na kutu, na nchi imekaa kwenye sehemu ambayo wengine walivuka bahari kuifuata. Najua roketi ni pesa, najua Scout haipo tena, lakini basi hata watoto wa shule za Pwani wapelekwe waone. Basi moja la shule, asubuhi kwenda jioni kurudi. Nimeshaongea na mwalimu wa fizikia wa binti yetu na ameonyesha nia, tunatafuta idadi ya watoto ishushe bei.

Kurudi tuliambiwa saa moja jioni tuko Mombasa, tukafika saa tatu, na dereva alikuwa anakimbiza kati ya Kilifi na Mtwapa mpaka wazee wakampigia kelele ndio akapunguza. Kwa hiyo mwongozaji na nahodha nawapa nyota tano kila mmoja, chakula tano, usafiri mbili.

Mkitaka kwenda, angalieni majira. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, bahari imetulia na boti inatoka bila shida. Kusi likishika, kuanzia Aprili mpaka kama Septemba, mawimbi ya huko nje si ya mchezo na manahodha wa maana wanakataa, na wana haki. Kwa hivyo kabla hujatuma pesa waulize kampuni kwa maandishi: boti isipotoka, ile sehemu ya boti inarudishwa? Sisi walituambia inarudishwa shilingi 1,000 kwa kila mtu. Beba kofia, mafuta ya jua, na leso ya kujifunika vumbi, na ukiwa na darubini hata ya mkono iweke kwenye begi, manake kutoka ufuoni majukwaa yanaonekana madogo na wale wasiopanda boti wanaihitaji.