Chati ya nyoka ya ukutani: picha safi, jina moja limekosewa

Chati hii niliinunua katika duka moja la vifaa vya shule mjini Dodoma, kwa shilingi 18,000, ili niitumie kufundishia uainishaji wa viumbe kidato cha tatu. Karatasi yake ni nzito, imefunikwa plastiki pande zote mbili, na ina fito za mbao juu na chini, jambo ambalo anayeujua upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba hatalidharau.

Picha bora kuliko zote ni ya nyoka wa mitini wa Madagaska, Sanzinia madagascariensis. Mkubwa amechorwa wa kijani, amejiviringa juu ya tawi, na pembeni yuko mtoto mwekundu kama tofali, kwani nyoka hawa huzaliwa na wekundu huo na kugeuka kijani wanapokua. Hata vishimo vya kwenye magamba ya mdomo, ambavyo humwezesha kuhisi joto la windo gizani, unaweza kuvihesabu.

Tatizo ni maandishi. Chati inamwita "chatu wa miti" na kumweka safu moja na chatu wetu wa bara. Mwanafunzi mmoja aliyesoma maelezo ya chini aliniuliza, "Mwalimu, chatu si hutaga mayai? Mbona huyu wanasema anazaa?" Alikuwa sahihi. Chatu wetu hutaga, kisha jike huyazungushia mayai mwili wake. Huyu wa Madagaska huzaa watoto hai, naye ni boa, kundi ambalo jamaa zake mashuhuri wako Amerika, ng'ambo ya bara letu zima.

Nakiri kwamba hata mabingwa wamevutana juu yake. Wataalamu wa wanyama wa Kifaransa, Duméril na Bibron, walimwelezea kisayansi mwaka 1844. Mwaka 1991 akaunganishwa na maboa wa Amerika katika jenasi moja, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, hadi uchunguzi wa vinasaba ulipomrudisha kwenye jenasi yake, na kuonyesha kwamba ndugu zake wa karibu ni maboa wa ardhini wa kisiwa hichohicho, wa jenasi Acrantophis. Hata hivyo, katika mvutano wote huo alihesabiwa boa, si chatu.

Nilipomweleza muuzaji, alinijibu kwamba nyoka ni nyoka. Chati sikuirudisha, maana picha zake sijaziona kwingine. Nimebandika kipande cha karatasi nyeupe juu ya neno "chatu" na kuandika "boa" kwa wino mzito.