Seti ya sindano 9 za kroshia: nimeitumia mwezi mzima na watoto ndani

Habari zenu wapendwa, karibuni tena sebuleni kwangu hapa Mbeya. Mkisikia vurugu nyuma yangu msishangae, shule zimefungwa, wote watatu wapo ndani, na kwa baridi hii ya mwezi wa sita hakuna anayetaka kutoka kucheza kabla ya saa nne.

Leo ninayo hii. Ngoja niisogeze kwenye kamera... hapo. Ni pochi ya zipu. Ndani kuna sindano tisa za kroshia, zile zenye ndoano kwenye ncha, kuanzia milimita 2 mpaka 6, zinapanda nusu nusu. Kuna mkasi mdogo, sindano butu ya kufichia mikia ya uzi, na hivi vibanio vya plastiki vya kuwekea alama. Nimeinunua Mwanjelwa kwa elfu kumi na nane, tena baada ya kuvutana na muuzaji mpaka akachoka. Pesa yangu, hakuna aliyenilipa.

Kipimo changu ni kimoja tu: mtoto akiita katikati ya mstari, nikirudi nitakuta nini?

Maana nilianza na sindano mbili, ufumaji ule wa masweta. Una vitanzi arobaini vimepangana kwenye sindano, vyote viko wazi. Huyu wangu wa mwisho, ana mwaka na nusu, alichomoa sindano moja akaenda kuchezea ngoma kwenye sufuria. Vitanzi vikaanza kushuka kama mtu anafungua zipu. Kroshia muda wote unashika kitanzi kimoja. Ndiyo sababu nimehamia huku, wala si kwamba ni rahisi zaidi.

Sasa angalieni mpini. Umevikwa mpira laini, na hapa pana kibonde cha kuwekea dole gumba. Kwa mkono wa mtu aliyetoka kufua nguo za watoto watatu kwa maji ya baridi, huu mpira una thamani yake. Ila namba zimechapwa juu ya mpira kwa rangi, na mwezi haujaisha, ya 4 na ya 5 zimeshafutika. Natambua kwa rangi ya mpini tu. Na hapa, kwenye koo la ndoano, pale uzi unapokaa, mnaona? Ya milimita 3 ina kikwaruzo. Kila ukivuta inapasua uzi nyuzi nyuzi. Nimeisugua kwa msasa laini, ikatulia kidogo. Kiwandani walitakiwa waimalize wao.

Vibanio ni vidogo kama punje za hindi. Vimepanda juu ya kabati siku ile ile. Kama una mtoto anayeweka kila kitu mdomoni, usivitumie kabisa. Mimi natumia pini kubwa ya nepi, naichomeka kwenye kitanzi, naifunga, halafu kazi yote inaingia kwenye ndoo.

Ndoo ndiyo hii, ya lita kumi, ilikuwa na rangi ya ukuta. Nimetoboa mfuniko kwa msumari wa moto, nikalainisha ukingo wa tundu. Bonge la uzi linakaa ndani, uzi unatokea hapa juu. Mtoto akivuta anapata uzi, hapati bonge. Kabla ya hapo nililiokota bonge langu jeupe ndani ya bakuli la uji wa ulezi, jamani.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuanza na ya milimita 2 na uzi mwembamba wa pamba, nikitamani vitambaa vya makochi kama vya mama mkwe wangu. Macho yaliniuma, na kila nilipoitwa nilipoteza hesabu. Nikahamia ya 5, na uzi mnene wa rangi ya maziwa. Uzi mweusi achana nao kwanza, umeme ukikatika huoni tundu hata moja. Uzi wenyewe ni akriliki, yaani uzi wa plastiki wa kiwandani, na karatasi yake ina mchoro wa ndoano na namba ya sindano inayoufaa, usiitupe. Akriliki ina joto na inavumilia kufuliwa, lakini kwenye moto inayeyuka na kugandia ngozi. Sisi tunaoingiza jiko la mkaa ndani wakati wa baridi, pamoja na hatari yake ya hewa, tusimvishe mtoto kofia ya uzi huo akakaa karibu na jiko.

Subirini... *Usimpande mgongoni, atadondoka! Nakuja.*

Haya, nimerudi. Mmeona? Sikuwahi hata kufunga pini. Nimepoteza vitanzi viwili, basi.

Kingine, kwa mnaojifunzia kwenye simu. Kitanzi kile kifupi Wamarekani wanakiita singo, Waingereza kile kile wanakiita dabo. Dabo ya Kimarekani ni ndefu zaidi. Mimi nilichanganya walimu wawili, kofia ya binti yangu ikatoka inamfunika mpaka puani. Nikaifumua yote. Uzuri wa kroshia ni kwamba kufumua ni dakika mbili, na watoto ndiyo kazi wanayoipenda kuliko zote.

Ah, hili linanifurahisha kama mtu wa nchi ya viazi: Ireland ilipopigwa na njaa ya viazi kuanzia mwaka 1845, wanawake wa kule walishika kroshia wakafuma lesi za kuuza ili familia zipate chakula. Na watoto wakiwa miguuni, sina shaka.

Binti yangu wa miaka saba nimempa ile ya 6, sasa ana mnyororo wa vitanzi unaozunguka meza ya chakula mara tatu. Hataki kujifunza kingine, anataka ufike kwa bibi yake Uyole.

Je, ununue seti? Kwa mwezi mzima nimegusa sindano chache tu kati ya tisa, na mkasi haukati hata uzi. Nenda dukani ukaombe ya 5 peke yake, yenye mpini wa mpira. Pitisha kidole kwenye koo la ndoano. Ikikukwaruza, rudisha uchukue nyingine. Pesa inayobaki nunua uzi bonge mbili. Ndoo hiyo itakuwepo tu nyumbani.