Kisanduku cha kupimia dhahabu, Bukavu: jiwe zuri, vizibo vibovu

Kwa anayepokea mawe kutoka Kamituga au Shabunda, maeneo ya machimbo ya dhahabu ya Kivu Kusini, Kongo, kisanduku hiki kina vitu vitatu: jiwe jeusi la kusugulia, lupe (kioo cha kukuzia) ya mara 10 na chupa ndogo ya asidi ya nitriki.

Jiwe pekee linatosha kukufanya ukinunue. Sugua punje kwa nguvu kidogo: dhahabu huacha mstari wa manjano unaong'aa, pirite (madini ya chuma na salfa yanayofanana na dhahabu) huacha unga mweusi wenye ukijani, hata kama ilimeremeta kuliko dhahabu yenyewe. Kalkopirite, madini yenye shaba, ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa manjano yake yamekolea, lakini unga wake nao ni mweusi-kijani. Mika, madini ya vigamba vinavyometameta, haihitaji hata jiwe. Iguse kwa ncha ya sindano chini ya lupe: itabanduka vigamba vigamba, pirite itavunjika, dhahabu itabonyea tu.

Tone moja la asidi juu ya mstari hufuta shaba. Dhahabu safi hubaki. Hapa wengi huharibu kipimo: jiwe likiwa na mabaki ya chumvi, asidi hugeuka kali kiasi cha kula hata dhahabu halisi. Lisuuze kwa maji safi, likauke kwanza. Fanyia kazi nje, maana moshi wake unaunguza mapafu.

Kasoro kubwa ni vizibo, vinavuja; weka chupa wima ndani ya chombo cha kioo. Pia hakuna mizani, na uzito ni ushahidi mkubwa: dhahabu ni mara 19 ya maji, pirite mara 5 tu.