Lenzi ya kupigia picha ndege zikiwa angani: ipi uanze nayo ukiwa Kigoma

Tuseme ukweli kwanza: ndege za kivita hazikatizi juu ya Mwanga na Ujiji kila wiki. Ndege tuliyoizoea huku ni Dash 8 Q400 ya Air Tanzania, na ukisafiri hadi Tabora utaikuta hiyohiyo. Zilizowahi kuja Kigoma kwa vita zinajulikana: mwaka 1916 Wabelgiji walirusha ndege zao za kutua majini kutoka upande wa Kongo wakaja kuangusha mabomu bandarini, ambako Wajerumani walikuwa na meli ya Graf von Götzen, ambayo leo tunaiita Liemba. Tangu hapo, mwenye hamu ya kuona ndege za jeshi zikicheza angani inambidi asafiri.

Za kwetu huonekana kwenye sherehe za kitaifa, na mara nyingi hupita dakika chache tu. Maonyesho makubwa yaliyo jirani ni Africa Aerospace and Defence, ambayo kwa kawaida hufanyika Septemba kila baada ya miaka miwili katika kituo cha jeshi la anga cha Waterkloof, karibu na Pretoria. Uingereza wana maonyesho ya RIAT, pale Fairford, mwezi Julai. Halafu kuna Mach Loop, mabonde ya Wales kati ya Dolgellau na Machynlleth, ambako marubani wa kijeshi hufanya mazoezi ya kuruka chini, hadi futi 250 juu ya ardhi, yaani mita 76 hivi. Pale mpiga picha hukaa mlimani, na ndege hupita chini ya miguu yake. Picha nyingi unazoziona mtandaoni zinazoonyesha mgongo wa ndege ya kivita na kofia ya rubani zimetoka huko.

Kwa hiyo ushauri wangu wote hapa una msingi mmoja. Lenzi utakayoipeleka Waterkloof siku nne ni lazima iweze kukuingizia hela siku nyingine zote: mahafali, mechi pale Uwanja wa Lake Tanganyika, mashindano ya mitumbwi, furukombe na mdiria ufukweni. Ikishindwa hapo, itakaa kabatini ikiota kuvu. Ndiyo maana orodha yangu haianzi na lenzi ndefu kuliko zote.

Jambo moja kabla ya fedha. Tanzania ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, na maeneo ya ulinzi hayapigwi picha. Kambi ya jeshi, iwe Kigoma, iwe Tabora, usiielekezee lenzi hata kwa utani. Uwanja wa ndege nao usiende kuning'inia kwenye uzio. Zungumza na uongozi wa uwanja kwanza, ukipata ruhusa ibebe kwa maandishi. Kijana mwenye lenzi ya milimita 600, yaani inayovuta mbali sana, anaonekana kutoka mbali, na maelezo yako utayatolea ofisini kwa mtu mwingine.

Milimita ngapi zinatosha?

Wapiga picha wengi wa huku wanatumia Canon au Nikon za sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachonasa picha), zile za bei ya kawaida. Kwa Canon ya aina hiyo, lenzi ya milimita 300 inajaza fremu kwa Q400, yenye urefu wa mita 33 hivi, ikiwa umbali wa mita 440. Ndege ya kivita ni fupi. F-16 ina mita 15, na kwa milimita 300 hiyohiyo itajaza fremu ikiwa mita 200 tu kutoka kwako. Ukiwa na 400 utaipata mita 270, ukiwa na 600 utaipata mita 400.

Kwenye maonyesho ndege huwekwa mbali na watazamaji kwa usalama, kwa hiyo 300 utaikata picha kidogo kwenye kompyuta baadaye, na hilo si dhambi. Kwa sensa ya megapikseli 24 unaweza kukata hadi nusu ya upana na bado ukachapisha picha nzuri ya A4. Mach Loop, kwa sababu ndege ziko karibu, 300 hadi 400 inatosha kabisa. Wenye 600 pale hujikuta ndege imekatwa mkia.

Bei nitakazotaja ni za Marekani siku lenzi zilipoingia sokoni. Kariakoo ni maelewano, na iliyotumika ina bei yake.

Namba moja: 70-300 yenye kitulizo (kinachopunguza mtikisiko wa mkono)

Kwa Canon ni EF 70-300mm f/4-5.6 IS II USM ya mwaka 2016, dola 549. Iangalie hiyo namba II vizuri, kwa sababu ile iliyotangulia ina fokasi ya kujikongoja, na kwa kitu kinachokimbia hiyo ndiyo tofauti ya picha na ukungu. Mota ya hii mpya ni ya haraka na haina kelele. Uzito ni gramu 710. Unaivaa shingoni kutwa nzima kwenye mahafali na jioni shingo bado ni yako. Inaingia kwenye Canon zote za EOS zenye kioo cha ndani, za sensa ndogo na za sensa kubwa, kwa hiyo ukibadilisha kamera kesho lenzi inabaki.

Nikon hapa wametega mtego. Kuna AF-P DX 70-300mm VR ya 2016, nyepesi sana, gramu 415, fokasi yake kali. Lakini kamera nyingi za Nikon zilizozagaa mikononi mwetu, D3100, D5100, D90, D7000, haziielewi kabisa: utaifunga na haitafokasi. Mwenye kamera hizo atafute AF-S 70-300mm f/4.5-5.6G VR ya mwaka 2006. Ni ya zamani, ni nzito zaidi, lakini inafanya kazi kwenye zote. Tena, kuna AF-P nyingine inayofanana sana na hiyo ila haina maandishi VR. Isiyo na VR haina kitulizo. Muuzaji atakwambia, "Bosi, ni ileile." Si ileile.

Kwa nini naiweka juu? Kwa sababu milimita 70 inakupa watu wawili wanaokabidhiana cheti, na 300 inakupa golikipa akiruka upande wa pili wa uwanja. Ndege inakuja kama kazi ya tatu, na inaiweza.

Namba mbili: Canon 100-400

Ningekuwa na fedha za kuchagua ningenyamaza na kuchukua EF 100-400mm f/4.5-5.6L IS II ya 2014. Ndiyo utakayoiona mabegani mwa watu wengi Fairford na Wales, na sababu iko kwenye picha: ni kali hata ukilifungua lote tundu lake la mwanga (hizo namba za f/), haichelewi, na imezibwa vizuri dhidi ya vumbi. Vumbi la Tabora la mwezi wa nane lina maoni yake kuhusu lenzi isiyozibwa. Ila dola 2,199 ni fedha ya pikipiki, tena inabaki chenji.

Njia ya katikati ni toleo la kwanza la 1998, lile la kusukuma na kuvuta badala ya kuzungusha. Likiwa zima bado ni lenzi nzuri, na kwa ndege huo mtindo wa kusukuma ni wa haraka kuliko kuzungusha. Kitulizo chake ni cha kizamani, lakini kwa ndege ya kasi unapiga kwa 1/1000 ya sekunde kwenda juu, kitulizo hakina kazi kubwa hapo.

Mwenye Canon mpya za RF zisizo na kioo cha ndani anayo RF 100-400mm f/5.6-8, ya 2021, dola 649, gramu 635 tu. Asubuhi na mchana ni raha. Jua likishuka nyuma ya milima ya Kongo, hiyo f/8, tundu dogo la mwanga, itakupandishia ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi punje zionekane.

Namba tatu: zile ndefu, 150-600 na 200-500

Sigma 150-600mm Contemporary (2015, dola 1,089), Tamron 150-600mm G2 (2016, dola 1,399) na Nikon 200-500mm f/5.6 (2015, dola 1,399) ni jamaa moja: kila moja inakaribia au inazidi kilo mbili. Kwa ndege wa ufukweni ni nzuri mno, na mwenye kuwafuata furukombe kuanzia Kibirizi hadi Katonga anaweza kuziweka juu ya hizo mbili za mwanzo, sitabishana naye. Kwenye mahafali hazifai: ukumbini utahitaji kurudi nyuma hadi utoke mlangoni.

Kumbuka pia hewa ya kwetu. Kuanzia Juni hadi mvua zinapokaribia, misitu na mashamba huchomwa na moshi hutanda, na kuanzia saa nne asubuhi joto hupanda kutoka ardhini na kuifanya hewa itetemeke. Ukiipiga ndege iliyo kilomita moja kupitia hewa hiyo kwa milimita 600, unakuza mtetemo. Hakuna lenzi inayotibu hilo. Dawa yake ni kuwa karibu au kuamka mapema.

Ukinunua Sigma au Tamron, hakikisha ni ya kamera yako. Hutengenezwa za Canon na za Nikon, kwa nje ni mapacha, na ya huku haikai kule.

Namba nne: Canon EF-S 55-250mm IS STM

Hii ni ya mwenye mfuko mwepesi ambaye hataki kusubiri. Ilitoka 2013, ina gramu 375, ina kitulizo, na picha zake zinawaaibisha ndugu zake wa bei ya juu. Milimita 250 ni fupi kidogo kwa maonyesho. Haiingii kwenye kamera za sensa kubwa kama 6D au 5D. Tafuta yenye herufi STM. Za kabla yake fokasi yao ni ya taratibu.

Za kuacha

EF 75-300mm III haina kitulizo, fokasi yake inahangaika, na ukifika 300 picha inalainika. Inapatikana kila duka kwa sababu huuzwa ndani ya boksi moja na kamera. Ukipewa bure chukua.

Kamera za kuvuta mbali sana kama Nikon P900, inayofika sawa na milimita 2000, zinapendwa kwa sababu ya picha za mwezi wa angani. Mwezi unakusubiri. Ndege haisubiri, na ukiwa na kamera ile, kuitafuta tu kwenye kioo imeshapita. Zile lenzi za kubana kwenye simu sizizungumzii.

Dukani

Wengi wetu tutanunua iliyotumika, Kariakoo au kwa mtu, na ikitumwa kwa basi au treni hutakuwa na pa kurudishia. Kama huwezi kwenda, tuma mpiga picha unayemwamini, usimtume shemeji anayekwenda kufuata spea.

Aende na kamera yako na tochi. Tochi imulikwe kutoka nyuma ya lenzi ukiangalia mbele: vumbi chembe chache si kitu, lakini nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, iache hapohapo hata kwa nusu bei. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunajua unyevu unavyokula vioo. Azungushe lenzi kutoka mwanzo hadi mwisho asikilize mchanga. Aangalie pini za dhahabu za nyuma kama zimeliwa.

Kisha atoke nje, na hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Asimame kando ya barabara, aweke kamera kwenye fokasi ya kufuata, AI Servo kwa Canon au AF-C kwa Nikon, apige mfululizo bajaji na bodaboda zinazomjia. Akizikuza kwenye kioo, nyingi ziwe kali usoni. Lenzi inayoshindwa kufuata bodaboda ya Msimbazi haitafuata ndege ya kivita. Muuzaji akikataa lenzi isitoke mlangoni, amekujibu.

Kinachobaki mfukoni

Kadi nzuri ya kumbukumbu ije kabla ya begi zuri. Kadi bandia ni nyingi. Ijaze yote siku ya kwanza, uifungue faili moja moja, kama imekudanganya utajua. Kioo cha kulinda cha bei rahisi mbele ya lenzi ndefu kinaharibu ukali, ivalishe lenzi kofia yake ya kukinga jua, inatosha. Mguu mmoja wa kusimamishia unahitajika kwa zile za kilo mbili tu.

Ukishaipata, fanya mazoezi na Q400 ikipaa, ukiwa sehemu iliyoruhusiwa. Pangaboi zake zina visu sita na huzunguka mara 1020 kwa dakika wakati wa kupaa. Kwa 1/1000 visu vitaganda na ndege itaonekana imezima injini ikiwa hewani. Shuka hadi 1/250, kisha 1/125, uifuate kwa kiuno, siyo kwa mikono. Picha nyingi zitaharibika. Mkono ukizoea hapo, helikopta utaiweza kwa kasi hiyohiyo, na ndege ya kivita, ambayo haina pangaboi la kukusumbua, utairudishia 1/1000 au zaidi.