Mdahalo wa urais: 15% za kura za maoni au jina kwenye karatasi ya kura?

Juzi pale Nyerere Square hapa Dodoma tulibishana na jamaa yangu kuhusu midahalo ya urais Marekani, nani apande jukwaani. Njia ya kwanza ndo iliyokuwa ikitumiwa na ile Tume ya midahalo, ilianzishwa 1987 na vyama viwili vikubwa (mchezaji huyohuyo refa, haya), na tangu 2000 ikataka uwe na wastani wa 15% kwenye kura 5 za maoni za kitaifa. Sawa, jukwaa halijai kama daladala ya Sabasaba. Ila mgombea mgeni asiye wa vyama hivyo viwili utazipataje hizo 15% na kwenye TV huonekani? Ross Perot, mgombea binafsi, 1992 aliingia kwenye midahalo akiwa chini ya 10% kwenye kura za maoni, akaja kupata karibu 19% ya kura, 1996 wakamfungia mlango.

Njia ya pili wanayoipigania wanamageuzi: jina lako likiwa kwenye karatasi za kura za majimbo ya kutosha kufikisha kura 270 za wajumbe (ndo zinazohitajika kushinda urais), ingia. Wanabaki wachache tu. Gary Johnson wa chama kidogo cha Libertarian 2016 alikuwepo kwenye karatasi za majimbo yote 50 na bado akaachwa nje, sa hapo haki iko wapi?

Mi naenda na ya pili. Jamaa kagoma kabisa, na kahawa nikalipa mimi.