Kulala jirani na kima: hoteli ndogo ya msituni, Diani

Hoteli nyingi za Diani, pwani ya kusini ya Kenya, hutangaza bahari. Hii, yenye vyumba vinane tu na iliyojificha upande wa pili wa barabara, mbali na ufuo, hutangaza wanyama, na kwa kuwa hao ndio inaowauzia wageni, ni haki ipimwe kwa namna inavyoishi nao. Jina lake nimelihifadhi, kwa sababu nina malalamiko mawili ambayo meneja ameahidi kuyashughulikia.

Msitu unaoizunguka ni sehemu ya mabaki ya msitu wa pwani unaoota juu ya mwamba wa matumbawe, na ndani yake wamo mbega, kima, tumbili na nyani, bila kumsahau komba, ambaye huamka wengine wanapolala. Kwa mwenye hoteli, wanyama hawa hawaleti shida ya aina moja. Mbega hula majani na hana haja na meza ya mtu. Balaa lake ni magari na nyaya za umeme, na ndiyo maana shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, limetundika ngazi za kamba juu ya barabara ya Diani ili avuke bila kushuka chini. Kima na tumbili, kwa upande wao, wamekwisha kuijua sukari, na nyani wakija kwa kundi hata mhudumu hodari husogea kando.

Uendeshaji wa hoteli hii unaonekana vizuri zaidi wakati wa kifunguakinywa. Sukari imo katika mikebe yenye vifuniko vya kuzungusha, mahamri huletwa yamefunikwa kwa kawa, mbaazi hupakuliwa mgeni akiwa ameshaketi, na mhudumu mmoja husimama kando ya nguzo akiwa na manati mkononi. Manati hiyo haina jiwe. Kima anaposhuka hadi ukingo wa makuti, mhudumu huuvuta mpira tu, naye kima hupanda tena juu, akinung'unika. Nilipenda pia kuona kwamba matawi yaliyokaribia nyaya za umeme yamepogolewa, ilhali yale yanayokutana juu ya njia ya kuingilia yameachwa ili mbega wapite. Fundi asiyeelekezwa angeyakata yote kwa siku moja.

Kwa sababu hiyo hiyo lilinikera tukio la jioni moja, ambapo wageni wa chumba cha jirani walikuwa wakiwarushia kima ndizi kutoka barazani ili wapige picha, na meneja akapita, akatabasamu, akaenda zake. Kibao cha mapokezi kinakataza jambo hilo kwa herufi kubwa. Mnyama aliyezoea kupewa ndizi na mgeni wa leo atamnyang'anya mgeni wa kesho, na anayemng'ata mtu huishia kuitwa mkorofi, ingawa ukorofi huo amefundishwa. Najua ni vigumu kumkemea mtu aliyelipa, lakini hiyo ndiyo kazi ya meneja katika mahali pa namna hii. Lalamiko la pili ni pipa la taka nyuma ya jiko, ambalo kifuniko chake kimegandamizwa kwa jiwe, na jiwe kwa nyani si kufuli.

Vyumba ni safi, vyandarua havina matundu na madirisha, isipokuwa la bafuni, yana wavu, ila hakuna kiyoyozi, na maji ya bafuni asubuhi ni ya uvuguvugu. Usiku komba hulia juu ya paa kama mtoto mchanga aliyeachwa peke yake. Mapokezi wangefanya vyema kumtahadharisha mgeni mapema. Samaki wa kupaka ni mtamu, japo husubiriwa sana.

Bei ni ya juu kuliko gesti za Ukunda, mji wa jirani, na kwa anayetaka kitanda tu karibu na bahari sioni sababu ya kuilipa. Anayekuja kwa ajili ya msitu aombe chumba kilicho mbali na jiko, aepuke miezi ya masika, ambapo njia ya kuingilia hugeuka tope, na asiache dirisha la bafuni wazi hata kwa dakika chache, kwa kuwa hilo ndilo dirisha pekee lisilo na wavu.